Sikuwa Nimelewa

Ndugu zangu, tazameni miguu yangu kwanza. Nimesimama mbele yenu bila kushika meza, bila kushikwa mkono. Sasa nisikilizeni.

Tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, nchi hii niliijua kwa masimulizi ya mama yangu tu. Hapa Muyinga tulipata kipande cha ardhi, tukaanza kujenga. Siku ya kupandisha mabati, boriti iliteleza ikanigonga kichwani. Nikacheka, nikajifunga kitambaa, nikarudi kukanda udongo.

Siku chache baadaye, asubuhi, niligeukia upande wa kulia kitandani, na nyumba yetu mpya yote ikazunguka. Nikang'ang'ania godoro. Kizunguzungu kile kilipita kabla sijamaliza kumwita mume wangu. Nikainama kuokota jembe, kikarudi. Nikainua macho kutazama mkungu wa ndizi, kikarudi. Zahanati wakanipa dawa za malaria. Nikazimeza zote, na dunia ikaendelea kuzunguka.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Mnajua akina mama tunavyoingia humu kanisani, vikapu kichwani, tukiimba. Nilifika hapa, nikainua uso kidogo, nikaanguka. Maharage yakatapakaa hadi chini ya mabenchi. Nikasikia sauti nyuma yangu: "Mwenzetu leo kaonja impeke!" Mkacheka.

Ndugu zangu, nawaambia, tangu nizaliwe sijainamia mrija wa impeke wala wa pombe nyingine yoyote. Lakini kanisa letu linajua kitu kimoja tu kinachomfanya mtu ayumbe. Wazee wakaniita.

"Mama, ungama tu, yaishe."

"Niungame nini?"

"Ulichokunywa."

"Nilikunywa chai ya maziwa."

"Chai haimwangushi mtu."

Nikatolewa kwenye kwaya, nikawekwa benchi la nyuma, lile la waliotengwa. Hata mume wangu akawa ananinusa mdomo, akijifanya ananisalimia! Mnacheka? Mimi sikucheka. Mwishowe akaniambia, "Ungama, mama watoto, watakurudisha." Nilichoka. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuungama, yalibaki kutamkwa tu.

Wiki ile ile nilikwenda sokoni. Kuna mama Mkongomani anayeuza vitenge. Niliinua macho kutazama kitenge kilichotundikwa juu, nikaishikilia meza yake kwa mikono miwili. Akanishika kidevu.

"We mama, angalia mi! Macho yako inaruka-ruka. Iyo haiko pombe. Ata mi ilinipata. Enda Gitega, kule hospitali iko muganga wa masikio."

"Kanisani wanataka niungame."

"Ungama zambi ya sikio? Kwani sikio ilikunywa?"

Nikapanda gari la Gitega, shingo nimeikaza kama mti. Yule mganga aliniuliza, "Kizunguzungu kinakushika ukigeukia upande gani?" Ndugu zangu, nililia. Miezi yote ile, alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza swali ambalo jibu lake hakuwa nalo tayari.

Akanieleza kwamba ndani ya sikio mna punje ndogo kama mchanga, zinazotusaidia kujua juu na chini. Zangu zilibanduka na kupotea njia, huenda kwa lile pigo la boriti. Akanigeuza kichwa upande wa kulia, akanilaza haraka, kichwa kikaning'inia nje ya kitanda. Dunia ikazunguka, nikapiga kelele. "Usifumbe macho, mama. Vumilia." Kizunguzungu kilipotulia, akakigeuza kichwa upande wa kushoto, kisha akanilaza kiubavu, kisha akaniketisha. Hakuna sindano, hakuna kidonge. Nikatoka uani, nikainua uso. Mbingu ya Gitega ikakaa mahali pake.

Kizunguzungu kilirudi mara moja baadaye. Nikarudi Gitega, nikageuzwa tena, kikaondoka. Kikija tena, njia naijua.

Sikuungama, lakini wazee wameniona siyumbi tena, wamenisimamisha leo nishuhudie jinsi nilivyosamehewa. Hapana. Sikusamehewa, nilitibiwa. Namshukuru mganga yule. Namshukuru mama wa vitenge, ambaye hata si wa kanisa letu. Namshukuru mume wangu, aliyeacha kuninusa na akanishika mkono safari ya pili. Nanyi nawaachia hili: mtu akiyumba mbele yenu, mshikeni asianguke, kisha mwulizeni anaumwa nini, na mngojee ajibu.

Leo ni Jumapili ya mavuno tena. Kikapu changu kipo pale mlangoni, kimejaa maharage, na ingata ya kuwekea kichwani, ya majani ya mgomba, nimeshaisokota. Nakwenda kujitwisha. Kwaya, anzeni wimbo, nami nitaupokea njiani.

Na mtu asinishike.