Mabamba Niliyoyaacha Wazi

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa hili: mke wangu alinipigia kazini kuniambia vitunguu vimeisha. Nilikuwa karakana, kando ya mabamba mawili ya chuma niliyokuwa nimetoka kuyasafisha. Kabla ya jioni niliitwa hospitali. Baada ya mazishi yake nikawa nashinda kwenye benchi la kahawa, mbele ya kibanda cha shemeji yangu fundi viatu, anayeitwa Waziri. Siku moja kiwandani walitaka jibu: narudi au naacha. Nikamwambia Waziri naacha. Hakunibishia. Aliwageukia mlinzi wa usiku tunayemwita Redio na kinyozi tunayemwita Shaka, wakaanza kuzozana kuhusu kazi yangu ya kuunganisha mabamba.

— Hilo bamba lisiloshika kutu limepakwa rangi tu, akasema Redio.

— Rangi inabanduka, we. Ni gundi, akasema Waziri. Kama soli hii.

— Gundi gani ibebe tani nzima?

— Wote hamjui, akasema Shaka. Chuma cha juu kinaota. Wanamwagia dawa, kinaota kama ukungu kwenye mkate. Ndiyo maana wahenga wakasema mchumia juani hulia kivulini. Kinataka kivuli.

— Methali hiyo inahusu mkate? akauliza Redio.

— Methali ni mali ya umma.

— Shemeji, tuamue, akasema Waziri.

Nikanyamaza.

— Haya, kimya ni jibu. Ni ukungu.

Hilo sikuweza kulivumilia.

— Si ukungu, nikasema. Chini ni bamba nene la chuma cha kawaida, juu ni jembamba lisiloshika kutu. Nyuso zinazokutana zinasagwa mpaka zing'ae, hata kidole hakigusi. Unachomelea kingo zote, unanyonya hewa iliyobaki katikati. Kisha tanuri, kisha rola nzito zinayakandamiza mpaka yashikane.

— Bila gundi?

— Bila gundi.

— Hata tone?

— Hata tone.

Waziri akaitazama soli mkononi kama mtu aliyetapeliwa.

— Ndiyo kazi uliyokuwa nayo siku ile?

— Ndiyo. Nilikuwa nimeshayasaga. Niliyaacha wazi, nikakimbia.

Mama mmoja aliyefuata viatu vyake alikuwa amesimama akisikiliza.

— Samahani, kaka, akasema. Nani aliyafunika?

Redio akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Mimi ndiye niliyepaswa kujua, na sikujua.

Asubuhi iliyofuata niliingia kiwandani kabla ya wenzangu. Hakuna aliyeyafunika. Lile jembamba lilikuwa bado linang'aa. Juu ya lile nene kutu ilikuwa imetanda, nyepesi, rangi ya chai. Nikavaa glavu, nikawasha mashine ya kusagia, nikaanzia pembeni.