Nani Atawapakulia Wazazi wa Mzee Pyo

Kijiwe chenyewe ni kibaraza cha mbao mbele ya duka la kona, hapa mjini Andong, ubavuni mwa mashine ya kahawa ambayo ikinuna hutoa maji matupu. Wenyewe ni watatu: Teksi, aliyestaafu udereva ila mdomo wake bado uko barabarani, Jenerali, ambaye jeshini alikuwa mpishi, na Mzee Pyo. Jumamosi ile ya baridi Mzee Pyo hakuwa na raha hata chembe. Kesho yake angebatizwa. Mkewe Sun-nyeo, mlokole wa siku nyingi, alifariki vuli, na mchungaji kamhakikishia kwamba akibatizwa atamkuta kwenye uzima wa milele. Shida ni kwamba kanisa lile halitaki mtu awainamie mababu, na Mzee Pyo ndiye mtoto wa kwanza. Kila mwaka ni yeye anayewaandalia wazazi wake marehemu meza ya wali na samaki, anawafungulia mlango waingie kula, kisha anainama mpaka paji la uso liguse sakafu.

— Nikibatizwa, wazazi wangu wanalala njaa. Nisipobatizwa, Sun-nyeo ndiyo basi tena.

— Kaka, unajipa presha bure, akasema Teksi. Asubuhi kanisani, jioni unainama. Mungu kaimbiwa kutwa nzima, jioni si kachoka?

— Ndiyo maana ulikuwa unapita taa nyekundu wewe! Jenerali akamkata. Mbinguni kuna utaratibu.

— Basi aende na picha za wazee. Mchungaji akinyunyiza maji tu, yeye anazisogeza. Wanaingia wote watatu kwa tone moja!

Mzee Pyo hakucheka.

— Baba alikufa anawatukana wachungaji. Akiamka mbinguni, atagombana na malaika.

Jenerali akaweka kikombe chini, akajikohoza.

— Nimepata. Si wanahubiri kule kuna karamu isiyoisha? Basi na chakula kinabaki. Shemeji Sun-nyeo awe anajaza sinia, anawapelekea wakwe zake huko huko waliko. Kwani meza ile alikuwa anapika nani?

— Yeye. Kuinama alikataa, lakini kupika alipika miaka yote. Miguu ikimvimba, anakaanga huku kakaa. Na mama alipokuwa hai hakumsifia hata mchuzi.

— Basi si kashazoea!

Mzee Pyo akajikuta anatabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, moyo ulimtulia kidogo.

Mama mmoja aliyehamia juu ya duka wiki ile alikuwa amesimama anasubiri kikombe chake kijae. Akageuka, kwa adabu zote.

— Samahani, mzee wangu. Huyo mkeo mwenyewe alisema anataka mkutane tena?

Jenerali akachungulia kikombe chake kitupu. Mzee Pyo akarudi kimawazo mpaka hospitali, akapekua siku zile za mwisho moja moja. Sun-nyeo alimshukuru muuguzi. Alimwombea mtoto wao. Yeye Pyo alimshika mkono, kweli, akamwambia asisahau kuvaa soksi nzito.

— Alisema anakwenda kupumzika, akajibu.

Yule mama akangoja amalizie. Lakini la kukutana tena, Sun-nyeo hakuwa amelisema.