Mwalimu Esnath na Kilo Pungufu ya Unga

Wachungaji, mashekhe mliofika, walimu, wanafunzi na waombolezaji wote, mimi naitwa Yona Mwaisumo, mdogo wake Benson aliye mume wa marehemu, na nimesimama hapa kuwasomea maisha ya shemeji yangu, si kwa sababu nina sauti nzuri, wapo wenye sauti nzuri kuliko yangu, bali kwa sababu yeye mwenyewe alitaka iwe mimi.

Mwalimu Esnath alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 huko Nkunga, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Jacob Mwasongwe na Mama Tulinagwe, akasoma shule ya msingi hukohuko Nkunga kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akaendelea na sekondari mjini Mbeya hadi mwaka 1988, kisha akajiunga na chuo cha ualimu Tukuyu na kuhitimu mwaka 1991. Kituo chake cha kwanza cha kazi kilikuwa Sumbawanga, ambako alikuwa akituambia alifundisha watoto tisini kwa chumba kimoja na chaki za kugombania. Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na kaka yangu Benson, fundi seremala, wakajaliwa watoto wawili, Lusungu na Lugano, na Januari 2005 akahamishiwa shule ya msingi Tukuyu mjini, kata ya Bulyaga.

Hapo ndipo alipopata jina la Mwalimu Keki, maana aliona watoto wa darasa la nne wanakariri nusu na robo vizuri kabisa, lakini ukiwapa kikombe hawajui robo yake inaishia wapi, basi kila Ijumaa akawa anaoka nao mkate wa ndizi, kwa sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, ndizi mbivu zikitoka shambani hapa kwetu Kisondela. Orodha ya vitu waliandika watoto wenyewe, dukani walikwenda wawili wawili, wakapima, wakajumlisha, na wakirudi walieleza kwa maandishi hamira imefanya nini na ngano inalimwa mkoa gani. Binti yangu Modesta, ambaye alikuwa haambiliki kuhusu hesabu, siku ya Ijumaa alianza kuamka bila kuitwa.

Mwezi Mei 2016 Modesta alirudi nyumbani akaniambia kwamba Mzee Zuber, mwenye duka la nafaka karibu na shule, amewauzia kilo moja ya unga, nao walipoupima upya darasani wakakuta inapungua robo. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule, tena mtu wa hasira za karibu, nikaenda dukani asubuhi watu wamejaa, nikamwita Mzee Zuber mwizi wa watoto. Mchana shemeji akanitafuta, akaniuliza kama Modesta ana hakika ni robo, nikamjibu ana hakika, akacheka, akasema, "Basi amefaulu, shemeji," ndipo akanieleza kwamba yeye ndiye aliyemwomba Mzee Zuber ampunje kila mtoto mara moja kwa muhula, na unga uliobaki aulete shuleni jioni, ili watoto wajifunze kusoma mizani kwa macho yao.

Mtu mwenye akili angerudi dukani siku ileile, lakini mimi niliona aibu, na aibu yangu nikaigeuza kuwa hoja, nikasimama kwenye kikao cha kamati nikasema watoto wetu wanatumwa madukani kama wasichana wa kazi, wajumbe wakanikubali, masomo ya Ijumaa yakafungwa, mpaka Januari 2018 alipokuja mwalimu mkuu mpya akayaruhusu. Muda wote huo shemeji hakunisema kwa kaka yangu wala kwa mtu yeyote, na Krismasi zote mbili aliniletea mkate wa ndizi, nikaula kwa shida.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, na kuanzia Agosti 2024 akawa anakwenda Mbeya mara mbili kwa wiki kusafishwa damu, siku nyingine yuko darasani, mpaka Februari 2025 miguu ilipokataa. Wiki mbili kabla ya kufariki aliniita kitandani, akasema, "Historia yangu utaisoma wewe, shemeji, na habari ya mizani uiseme." Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 10 Juni 2025, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Bulyaga mliopokezana kupika na kufua, walimu wenzake mliobeba vipindi vyake, na ndugu wa Kisondela mliochimba kaburi kwenye matope tangu alfajiri, ndaga fijo, asanteni sana.

Mzee Zuber, nakuona umekaa pale nyuma ya walimu. Miaka tisa sasa nanunua unga stendi ili nisipite mlangoni kwako, nawe hukuwahi kumwambia mtu kwamba ile ilikuwa kazi ya shule. Nilikuita mwizi mbele ya watu, hukuwa mwizi, na mbele ya watu hawa naomba unisamehe. Tukifika kaburini, watoto wakishatia udongo zamu inayofuata ni yangu, naomba uichukue wewe, mimi nitasimama nyuma yako.

Shemeji Esnath, Mungu akupumzishe kwa amani.