Mfano wa Ufa

...akapaka girisi juu ya chuma cha daraja letu, akaweka ile mashine, na sauti ikaingia ndani, sauti yenye hakuna mtu anasikia, hata mbwa sidhani. Samahani. Nimeanza kabla ya salamu. Bwana Meneja wa mbao, Mzee Hiram nyapara wetu, mama zetu wa Dundori mliotupikia, na wewe Bwana Jasbir, injinia wetu tunayekuaga leo: hamjambo nyote. Mimi ni Kiptanui, ndiye hubeba mashine yake. Sijazoea kusimama mbele ya watu, na shule niliacha mapema.

Nimeambiwa nimsifu, na namsifu. Lakini kuna kitu imenichanganya kichwa.

Kabla hajagusa chuma, Bwana Jasbir alikaa na penseli akapiga hesabu. Sauti ikifika chini bila kizuizi, alisema, itarudi mara moja, na kwa kioo cha mashine itasimama kilima moja. Ikikuta ufa, ingine itarudi mapema, na kilima kidogo itasimama mbele ya ile kubwa. Akachora hiyo ndogo kwa karatasi, pahali yake na urefu yake. Halafu tukaenda darajani, na kioo ikachora vile vile! Mtu anachoraje kitu iko ndani ya chuma na hajaiona?

Tukarudi, akaonyesha watu karatasi akasema, "Huu ndio mfano wa ufa." Mzee Hiram akacheka: "Mfano! Hata mimi niko na mfano wa ng'ombe, nani anataka maziwa?" Tukacheka wote. Bwana Meneja akafurahi, kwa sababu mfano si ufa, sivyo? Mtu akisema "kwa mfano nikikufa", nani anakimbia kuchimba kaburi? Lori zikaendelea kupita.

Lakini Bwana Jasbir hakucheka. Alitushukuru, akafunga vitu yake, kama mtu ameshaelewana na watu. Sasa hapo ndipo mimi napotea. Bwana Jasbir, nakuuliza mbele ya wageni: hiyo ufa ni ya kusema tu, ama iko?

Eh? Mmesikia? Anasema iko, ndani ya chuma, na karatasi ni hesabu ya hiyo hiyo. Anauliza, "Kwani hamkufunga daraja?"

Mzee Hiram, usiniambie nikae chini, tafadhali. Hesabu yake siijui, na pengine nyinyi ndio mko sawa. Lakini hiyo ngurumo huko nje ni lori inarudisha akina mama Dundori, wametoka nikiongea, na dada yangu Chepkemei amepanda. Itazunguka kwa barabara. Mimi nitakata kwa shamba ya viazi. Asanteni kwa kunivumilia. Naenda kusimama mbele ya daraja, nikatae wasipite.