Maneno Yaliyopotea Kwenye Kioo cha Redio

Wanawake wakishapandisha mbuzi na yaki, wale ng'ombe wa manyoya marefu, malishoni juu Pamiri, kijiji cha Shimshal hubaki na wanaume, shayiri na mkate ulioungua. Ndiyo maana gogo lililo mbele ya duka la Laili Shah hujaa watu tangu asubuhi. Si kwamba wana kazi pale. Majumbani mwao meko yamepoa. Pale dukani birika la chai ya chumvi haliondoki motoni, na anayetunga uongo mzuri ndiye anayemiminiwa kwanza. Laili Shah mwenyewe wanamwita Daktari, maana anachoma mbuzi sindano. Sakhi Beg ni Rubani. Anaendesha jipu kwenye ile njia ya gengeni, juu ya korongo, na abiria wake wakishuka huwa wamemaliza dua zote wanazozijua. Tuhfat ni Mpakani, kwa kuwa ujanani alibeba mizigo mpakani mwa Uchina, na tangu hapo kwake hakuna jambo lisilotoka Uchina. Wa nne ni Mehman Shah, Kamba, aliyezoea kuwavusha wapanda milima kwenye barafu wakiwa wamefungwa kamba. Huyo si msemaji. Siku hiyo alikuja na redio ya mkononi, ile ya kubonyeza na kuongea, ameiviringisha kwenye kitambaa kama yai.

— Kioo chake kimeharibika, alisema.

— Kimepasuka? Daktari aliuliza.

— Hakijapasuka.

— Hakiwaki?

— Kinawaka.

— Sasa Kamba, kama hakijapasuka na kinawaka, mgonjwa ni kioo au ni wewe?

— Ukiiwasha inaandika namba.

Rubani alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

— Redio isiandike namba, unataka iandike mashairi?

Mehman Shah hakucheka. Aliiwasha ili waone. Kioo, kidogo kama kiberiti, kiliwaka rangi ya chungwa, kikaonyesha namba za nguvu ya betri, kikatulia kwenye chaneli. Alikuwa ameshaiwasha na kuizima tangu alfajiri, na kila mara zilitokea namba hizo hizo.

Hakuwaambia nini kilikuwa kinatokea zamani. Redio hizo zilikuwa mbili. Moja mkewe, Nigar, alikuwa akipanda nayo malishoni kila kiangazi, nyingine ikibaki kwa mumewe, na jioni waliongea: yaki gani amezaa, siagi imefika wapi, zamu ya maji ya shamba imeangukia siku gani. Mpwa wake Nigar, anayefanya kazi Gilgit, ndiye aliyekuja likizo akaichomeka redio ya Mehman kwenye kompyuta, akauliza, "Shangazi, ikiwashwa imwambie nini mjomba?" Nigar alikuwa anasukasuka maziwa. Hakuinua hata uso. "Iandike: Mehman, kula kwanza. Maana huyo akishika redio husahau tumbo." Wakacheka wote watatu, na maneno yakaandikwa, mistari miwili.

Vuli iliyopita Nigar alishikwa na kifua huko huko juu, akateremshwa kwa machela, na hakuona theluji ya kwanza. Tangu hapo Mehman Shah hana wa kumpigia. Lakini kila asubuhi aliiwasha redio, maneno yakatokea kwa muda wa kupepesa jicho, akaizima, akala. Na huko kupepesa jicho ndiko kulikomponza. Asubuhi hiyo alitaka maneno yakae kidogo zaidi. Basi tu, yakae. Akaingia kwenye menyu, akabonyeza hiki, akageuza kile, na alipoiwasha tena maneno hayakuwepo.

— Hiyo ni baridi, alisema Daktari. Betri za Kichina hazipendi baridi. Ivalishe, iweke kifuani ndani ya koti. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

— Wahenga walikuwa wanasema chawa, bwana, si redio, alisema Rubani.

— Chawa naye si anataka joto?

— Nipeni mimi, alisema Mpakani. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama huku na huku kama anayenunua fahali. Akasema: Hii naijua. Hizi zimetengenezwa zikiwa na mwanga wa rangi tatu, na kila rangi ina siri yake. Chungwa ni raia. Buluu ni polisi. Zambarau...

— Zambarau ni nini?

— Zambarau hatuzungumzii.

Alibonyeza. Kioo kikawa buluu. Akabonyeza tena, kikawa zambarau, na watu wote wanne wakaangalia angani kidogo, hata Rubani.

— Umeona? Sasa wanatuona.

— Nani anatuona, Tuhfat? Rubani alimuuliza. Serikali inashindwa kuliona daraja letu mwaka wa ngapi huu, leo ione gogo?

— Cheka. Kule mpakani nilimwona mtu amebadilisha rangi ya kioo tu, kesho yake amepewa uhamisho. Na hakuwa hata mwajiriwa!

— Rudisha rangi yake, alisema Mehman Shah.

— Subiri. Haraka haraka haina baraka, na chelewa chelewa utakuta mwana si wako, kwa hiyo twende katikati.

Akabonyeza kitufe kingine, na redio ikaropoka kwa sauti ya mwanamke. Kichina. Daktari alirudi nyuma akaikanyaga sahani ya aprikoti, yale matunda madogo ya njano, zilizoanikwa.

— Anasema nini?

— Anasalimia, alijibu Mpakani, ambaye baada ya ujana wake wote mpakani alikuwa anajua Kichina cha kuhesabu magunia tu.

— Anasalimia kwa ukali hivyo?

— Ndivyo walivyo. Anasema, anasema tumeingia chumba cha ndani.

— Basi tutokeni, tumeingia bila hodi.

Mehman Shah alinyoosha mkono, lakini Mpakani alikuwa ameshageuka upande. Mwanga sasa ulikuwa ukizimika kila baada ya muda mfupi, kisha ukakataa kuzimika kabisa. Herufi zilizokuwa juu zilikwenda chini. Kila alichogusa kilibadilika, na kila kilichobadilika alikieleza. Nguvu za barafu ile kubwa zinavuta herufi. Hapana, ni setilaiti, imepita chini mno. Hapana, redio imezeeka, na kitu kikizeeka hupenda namba kwa sababu maneno yanachosha. Daktari naye, asiachwe nyuma, alisema alishaona mbuzi wa namna hiyo: alikuwa analia vizuri, siku moja akaanza kupiga chafya tu.

— Ukamfanyaje?

— Tulimla.

— Dawa ya hii ninayo, alisema Mpakani. Mwisho kabisa wa menyu kuna mahali pa kufuta kila kitu. Unafuta, inakuwa kama ilivyotoka dukani. Bikira. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kidole chake kilikuwa kinashuka.

— Usifute!

Hawakuwahi kumsikia Kamba akipaza sauti namna ile, labda wale wa kwenye barafu siku ambayo mtu anateleza. Aliinuka, akaichukua redio mkononi mwa Mpakani, akaikumbatia kifuani. 

— Kuna maneno humo, alisema kwa sauti ya chini. Yalikuwa yanatokea ukiiwasha. Usifute.

— Maneno gani? Daktari aliuliza.

Mehman Shah akaanza kuipangusa redio kwa kitambaa chake.

Rubani akaweka bakuli lake la chai chini. Yeye ndiye aliyeshika mpini wa mbele wa machela ya Nigar vuli ile, siku zote za kuteremka, na alikuwa mtu wa kwanza kuelewa, ingawa hakujua ni maneno gani.

— Lete, kaka, alisema. Hatufuti kitu. Tutakwenda kama kwenye kona ya gengeni, gurudumu moja moja. Wewe shika, mimi nabonyeza. Nikikosea unanipiga.

Wakakaa bega kwa bega. Rubani alibonyeza menyu, akateremka hatua kwa hatua, kila hatua akisoma herufi kwa shida na kumtazama Mehman kabla ya kuendelea. Sauti, wakaifunga. Rangi, wakairudisha ya chungwa. Muda wa mwanga, wakaupunguza. Kisha wakafika mahali palipoeleza kioo kionyeshe nini redio inapoamka, na hapo palikuwa na machaguo matatu: kioo kizima kiwake, nguvu ya betri, ujumbe. Mshale ulikuwa umesimama kwenye betri.

— Hapa, alisema Rubani. Kidole chako kilipita hapa.

Akausogeza kwenye ujumbe. Mehman Shah akaizima redio. Alichelewa kidogo kuiwasha.

Maneno yakatokea. Na Mpakani, aliyekuwa amejipenyeza kwa nyuma, aliwahi kuyasoma kwa sauti kabla hayajapotea:

— Mehman, kula kwanza! Ha! Nani huyo anakuamrisha mzee mzima kama...

Akakoma. Daktari alishusha macho kwenye aprikoti zilizopondeka, akaanza kuziokota moja moja na kuzipangusa vumbi. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mehman Shah alisikia masikio yake yakiwaka. Sasa wanajua, aliwaza. Wanajua kwamba asubuhi zote hizi nilikuwa nawasha redio isiyo na mtu.

— Mimi, Mpakani alianza. Kamba, mimi sikujua.

— Hukujua, alisema Mehman. Si kitu.

Wakati huo alikuwa amesimama mbele yao mtu mmoja na magunia matupu begani. Ni mnunuzi wa manyoya ya yaki kutoka bonde la Nagar, ndiyo mara yake ya kwanza kufika Shimshal. Jipu la kijiji jirani lilikuwa limemshusha darajani. Alikuwa ameyasikia yale maneno, na uso wake mchovu ulichangamka, maana ni maneno ya nyumbani kwa kila mtu.

— Huyo ni mke tu! alisema akicheka. Wangu naye ndivyo alivyo, hata nikiwa njiani ananipigia kuuliza nimekula nini. Salaam alaikum, wazee. Nimeambiwa wake zenu wote wako juu na mifugo, na manyoya yanashuka nao. Akamgeukia Mehman Shah, kwa adabu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na redio, akauliza: Eti baba, wako anashuka lini?

Daktari aliliinua birika, akalitikisa, akalirudisha. Rubani alifunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Wote wawili wakamtazama Mpakani, mtu aliyekuwa na jibu la barafu na la setilaiti, na Mpakani akaitazama njia inayopanda Pamiri, nyeupe kwa vumbi, tupu, inakata mlima na kupotea.

Mgeni alisubiri, tabasamu bado lipo usoni, akimtazama mmoja baada ya mwingine.

Mehman Shah akasogea kwenye gogo, akampisha nafasi upande wenye jua.

— Kaa, mwanangu, alisema. Umetoka mbali.