Mshusheni Nzomo

Sikilizeni, wanangu, na wewe Waringa zima hiyo simu, nife kwanza ndipo uwapigie watu. Kibanda cha saluni pale Kenyatta Market ni chako, asikusumbue mtu. Kibe, kifungua mimba wangu, kiwanja cha Dagoretti nakuachia ujenge fleti zako, sina kinyongo. Lakini ile injini ya mvuke iliyosimama pale usiiguse kabla hujanisikiliza.

Mnaiita chuma chakavu. Hata tulipoipokea ilikuwa mtumba, reli kuu imeichosha ndipo kampuni yetu ya mawe ikainunua, inavuja kila mahali, inakohoa ikivuta mabehewa kupanda mlima wa kule Kikuyu, lakini mimi na Nzomo tuliipenda hivyo hivyo. Mimi dereva, yeye mchochea moto, Mkamba wa Mwala, mtu wa kucheka hovyo. Na kazi ile ilikuwa na desturi yake: mchochea moto haachi tanuri mpaka dereva wake, akiwa juu ya injini, amwambie, "Moto umekufa, shuka." Hata meneja hakuwa na ruhusa ya kumshusha.

Siku bomba la boila lilipopasuka, mvuke ulimuunguza Nzomo akafia palepale, kuni mkononi. Mimi nilitolewa nimezirai, na hii miguu mnayoijua haikupanda ngazi tena. Kampuni ilipofungwa ikanipa kiwanja na injini yenyewe, ati pole. Basi nikiketi pale chini jioni, namsikia. Kuni zinatupwa, mlango wa tanuri unagonga, kang! Namwita kutoka chini, wapi, hanisikii. Nywele zinanisimama kwa woga, na bado narudi, maana ni rafiki yangu na yuko kazini mpaka leo, jamani, anangoja neno moja tu.

Pasta wenu atasema ni mapepo. Aseme. Kibe, wewe ni damu yangu, panda kwa niaba yangu, vua kofia, umwambie ashuke. Ukishamaliza ndipo uwaite watu wa kukata vyuma.

Mbona unaangalia chini? Kibe. Ulishawaita?

Jumatatu... Ee Mungu wangu. Ndiyo maana. Tangu Jumatatu nasikia ule mlango hapa nyumbani Woodley, nyuma ya ukuta huu, nikadhani ni homa. Mmemvunjia mahali pa kusimama, sasa amenifuata mimi.

Usilie, sikulaani. Njooni karibu niwawekee mikono. Mungu awape... awape amani, mpendane, watoto wenu wawazike nyinyi, msiwazike wao. Mimi mnizike popote, bila makelele. Sasa niinueni. Polepole. Ajabu, miguu imeacha kuuma. Waringa, niachie mkono, mama, nashika ngazi.

Nzomo. Nzomo wee, ni mimi, Mbuthia. Moto umekufa, ndugu yangu. Shuka... shuka, twende.