Historia ya Dada Yetu, Mtafiti wa Panya wa Baridi

Ndugu, majirani, na nyinyi mliotoka kazini kwake, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, nimepewa kazi ya kusoma historia yake, nami nitaisoma yote, hata pale ambapo wakubwa wangu wameniomba nipite haraka haraka.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi wa injini na mkunga, akaanza shule ya msingi Januari 1965, akamaliza sekondari mwaka 1976 na chuo kikuu Novemba 1980, akarudi nyumbani na shahada ya elimu ya wanyama na miwani minene iliyomfanya baba amwite Bibi akiwa bado binti.

Februari 1981 aliajiriwa katika kituo cha utafiti kule mlimani, ambako asubuhi unavunja barafu kwenye ndoo ndipo unawe uso, na huko alijishughulisha na swali ambalo wengi wetu tulilicheka, kwamba panya anayeenea kiganjani, ambaye joto humtoka upesi kuliko mnyama mkubwa, anaupitaje msimu wa baridi wakati chakula ni haba. Majibu aliyapata kidogo kidogo, kwamba hujaza kiota nyasi kavu na manyoya, hulala wamebanana kama ndugu wenye blanketi moja, na mambo yakizidi, wale aliowafuga yeye hujizima, mwili ukapoa karibu sawa na hewa ya nje, pumzi usiione, hadi yale mafuta waliyoyaweka kati ya mabega yaanze kuungua, watetemeke, waamke, watafute chakula.

Kwa hiyo chumba chake kilikuwa na sheria, kwamba panya aliyepoa hatangazwi kufa mpaka kwanza ashikwe kiganjani apate joto, na shemeji yetu, dereva wa kituo, aliyefunga naye ndoa tarehe 17 Desemba 1983, husema uchumba wao aliumaliza kwenye stuli, panya mkononi, akingoja kuambiwa kama chai watakunywa au hawanywi. Walijaliwa mabinti wawili, mwaka 1985 na 1988, na wote wapo hapa.

Agosti 1991 mama yetu alifariki, dada akaja kuzika, ufunguo akamwachia mkuu wa kituo, ambaye alisoma naye darasa moja na sheria ile aliijua. Tarehe 22 mkuu aliingia, akagusa kiota cha kwanza, cha baridi, akagusa cha pili, cha baridi, akasema, "Hawa wamekufa wote, kawatupeni motoni," wala hakumshika hata mmoja. Dada aliporudi, macho bado yamevimba kwa kumlilia mama, alikuta masanduku ya panya yameoshwa, akauliza, "Mliwashika?"

Mkuu alikiambia kikao kwamba panya walikufa kwa uzembe wa mtafiti, na dada akaachishwa kazi. Wiki ile ile, ndani ya gari, wakiwa wawili tu, mkuu alimwambia shemeji, "Mwambie mkeo najua walikuwa hai, lakini nikilisema kikaoni nimekwisha." Dada alijibu kwamba alichokisema garini akakiseme kikaoni, na tangu hapo akawa anangoja.

Kuanzia Januari 1992 hadi alipostaafu, Juni 2018, alifundisha baiolojia sekondari, wanafunzi wakimwita Mwalimu Koti, kwa sababu baridi ya mlimani haikumtoka mwilini, na walimpenda, ila mimi naona uchungu kila nikikumbuka kwamba mtu yule alimalizia maisha yake kuchora mfumo wa kusaga chakula wa sungura ubaoni.

Alianza kuugua figo Machi 2021, na kila simu ilipolia aliinua kichwa akauliza, "Ni yeye?" nasi tukajibu ni fundi bomba, ni shangazi, ni mtu amekosea namba. Alifariki tarehe 3 Mei 2024, saa nne asubuhi, wanawe wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani mliotuletea viti na kupika bila kuombwa, na walimu wenzake, mliojaa hapa hadi nje.

Mkuu mstaafu wa kituo, umekaa mstari wa mbele, tunakushukuru kwa kuja, na shada lako, kubwa kuliko yote, tumelipokea. Asubuhi hii ulinishika mkono pale mlangoni ukaniomba nikupe nafasi, ukasema sasa uko tayari kulisema mbele ya watu, nami nimekukatalia, na nataka kila mtu ajue ni mimi niliyekataa, maana sisi tulilijua siku zote, na aliyekuwa akilingoja hasikii tena.

Dada, pumzika kwa amani, huna tena wa kumngoja.